Vijinzi vya ndizi na makungwi wa seli

Hotuba hii niliitoa Chake Chake, Pemba, kwenye ukumbi wa skuli, mbele ya wanafunzi na wazazi wao. Watu wengi wameniomba niiandike, basi nimeiandika kama nilivyoisema, nimetoa tu maswali ya katikati.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, mama zangu, waalimu, na nyinyi wanangu mliokaa chini hapo mbele, ahsanteni kwa kuja na joto lote hili.

Naanza na bibi yangu. Bibi alikuwa akiuza sambusa Wete, na mwezi wa Ramadhani ikishapita adhuhuri tu sebule yote ni manda, sisi watoto tumekaa chini tunakunja. Manda mnazijua, ule mkanda mwembamba, unaushika hivi, unakunja pembe, unatia nyama, unakunja tena na tena, mwisho unapaka uji wa ngano unafunga. Bibi alikuwa anakaa nyuma yetu hasemi kitu, anatizama mikono tu. Akiona sambusa haijafungika anakuwekea kidole palepale mpaka ishike, na ile iliyoharibika kabisa anaitoa pembeni kabla haijafika karai. Kwa nini? Kwa sababu sambusa moja ikifunguka kwenye mafuta nyama inamwagika, mafuta yanachafuka, na zile nzima zilizo jirani zinaanza kunatana nayo, ukichelewa kuopoa karai lote limekwenda.

Mie nimesoma miaka mingi namna seli inavyokunja protini zake, na wallahi kila nikikaa na somo hili namuona bibi nyuma ya mabega yetu.

Tuifahamu protini kwanza. Watu wakisikia protini wanafikiria maharage na samaki, sawa, lakini ndani ya mwili protini ndo wafanyakazi wenyewe, inayobeba hewa kwenye damu ni protini, inayopokea mwanga ndani ya jicho ni protini, inayokaza misuli ni protini. Na kila protini inazaliwa ikiwa uzi, uzi mrefu wa vipande vinavyoitwa asidi amino, aina 20, vimefuatana kama shanga. Uzi huo haufanyi kazi yoyote mpaka ukunjike upate umbo lake. Umbo ndo kazi. Mmarekani mmoja, Christian Anfinsen, alichukua protini moja ndogo akaikunjua yote kwa dawa, kisha akaiondoa ile dawa, na protini ikajikunja yenyewe ikarudi na kazi yake, akapata Nobel mwaka 1972 kwa kuonesha kwamba siri ya umbo imo ndani ya mpangilio wa shanga zenyewe.

Lakini Anfinsen alifanya vile ndani ya chupa, maji matupu, protini ina nafasi yake. Ndani ya seli ni soko la Darajani usiku wa kuamkia Idi. Protini mamilioni zinapigana vikumbo, na tatizo ni hili: katika ule uzi kuna vipande vinavyopenda maji na kuna vipande vinavyoyakimbia maji kama mafuta yanavyoyakimbia. Protini iliyokunjika sawa inavificha vile vya mafuta ndani. Iliyokunjika kombo inaviacha nje, na kipande cha mafuta kikiwa nje kinatafuta mwenzake wa kushikana naye, basi inanata kwa hii, hii inanata kwa ile, mara limekuwa donge. Angalieni yai la kuchemsha lililomo kwenye urojo wenu. Ute wa yai ulikuwa protini zimekunjika vizuri zinaelea majini, unauona kama kioo, ukaja moto ukazikunjua, zikashikana zote, ukawa mweupe mgumu, na hata ukiliacha lile yai lipoe wiki nzima halirudi kuwa ute.

Sasa joto la kuchemsha yai sisi halitupati, alhamdulillahi, lakini homa inatupata, jua linatupata, uzee unatupata, na wengine wamezaliwa na kosa dogo kwenye mpangilio wa shanga. Seli inafanyaje? Seli ina makungwi.

Ni protini zinazozisaidia protini nyengine kukunjika. Kwa Kizungu zinaitwa chaperone, kwa jina la yule mtu mzima anayemsindikiza msichana asiharibikiwe, na kwa Kiswahili chetu jina tunalo tena zuri zaidi, kungwi. Kungwi haolewi pamoja na bibi arusi wala hakai kwenye nyumba yake milele. Anakuja wakati wa kuhitajika, anamshika mkono, anamkinga na macho ya watu, fungate ikisha anafunga kanga zake anaondoka. Protini kungwi iko hivyo hivyo. Inaukamata ule uzi pale kwenye vipande vya mafuta, inavifunika visinate kwa wengine, inatumia nguvu ya seli kuushika na kuuachia, kuushika na kuuachia, mpaka ukunjike, kisha inaondoka. Haibaki kwenye umbo. Maarufu kuliko wote ni Hsp70, na ndugu zake wamo kwa bakteria, wamo kwenye mkarafuu ule pale nje, wamo kwangu na kwako.

Na tuliwajuaje? Kwa vijinzi.

Niseme kitu hapa kwa sababu Pemba nzi wa matunda ana jina baya. Yule nzi mkubwa anayetoboa embe boribo na dodo bado zimo mtini akatia mayai, ukija kukata unakuta funza, yule ni mwengine, na mkulima anayemlaani ana haki yake. Mie nazungumzia vile vijinzi vidogo kabisa, havifiki hata milimita 3, macho mekundu, vinavyozunguka juu ya ndizi zilizopitiliza kuiva. Kinaitwa *Drosophila melanogaster*. Na huyu ni Muafrika mwenzetu, watafiti wamewakuta msituni Zimbabwe wakiishi kwenye matunda ya mng'ongo, kisha wakafuatana na binadamu na matunda yake mpaka wakaenea dunia nzima. Mwaka 1910 kule New York, Thomas Hunt Morgan akakuta mmoja ana macho meupe badala ya mekundu, na kwa huyo mmoja akaonesha kwamba jeni, yale maagizo ya kurithi ya kutengeneza protini, zimekaa kwenye kromosomu, nyuzi zilizomo ndani ya seli. Tokea hapo vijinzi havijatoka maabara. Siku 10 tu yai limeshakuwa kijinzi kizima chenye kutaga, na ukichukua jeni zinazohusika na maradhi ya binadamu, karibu robo tatu zina ndugu yake kwa kijinzi. Chakula chake unga wa mahindi, sukari, hamira, na kitu cha kugandisha kinachoitwa aga, ambacho kinatoka kwenye mwani, ingawa si mwani huu wanaolima mama zetu, huu wetu unatoa karajinani, ni mambo ya ukoo mmoja lakini nyumba mbali mbali.

Basi mwanzoni mwa miaka ya 1960, Naples, Italia, kuna kijana anaitwa Ferruccio Ritossa alikuwa anatizama tezi za mate za mabuu ya vijinzi. Kule kromosomu zimejinakili mara nyingi sana bila kuachana, zimekuwa nene, unaziona kwa hadubini ya kawaida, zina mistari mistari. Jeni ikiwa inafanya kazi, pale mahali panavimba kama mkate wa kumimina ulioumuka. Ritossa alikuwa anayajua yale mavimbe yake vizuri. Siku moja akatizama akakuta mavimbe mapya kabisa, sehemu ambazo hazikuwa zikivimba. Akaulizia, akakuta mtu ameongeza joto la lile kabati wanalowekwa mabuu. Joto tu! Mtu mwengine angetupa sampuli aanze upya, maana kazi imeharibika, yeye akarudia kwa makusudi, akapandisha joto tena, mavimbe yakaja tena, tena baada ya dakika chache. Jarida moja kubwa likamrudishia makala kwamba haina umuhimu. Akaichapisha kwengine mwaka 1962. Mpaka 1974 ndo Alfred Tissières na wenzake wakaonesha nini kinachotengenezwa pale: joto likipanda kijinzi kinaacha shughuli nyingi za kawaida na kutengeneza kwa wingi protini chache, wakaziita protini za mshtuko wa joto. Hsp ndo hiyo. Na ile 70 ni uzito wake.

Nyinyi wanangu mnaopenda kuuliza "hii itanisaidia nini", mkumbukeni Ritossa na kabati lake.

Sasa seli inajuaje kwamba hali imeharibika? Haina macho, haina kipimajoto. Hapa mie nikisomesha huwa sauti inanipanda peke yake. Ndani ya seli kuna protini moja ni mpiga mbiu, inaitwa HSF. Siku za kawaida makungwi hawana kazi kubwa, basi wamemshika mkono mpiga mbiu, wamekaa naye. Joto likija, protini zikaanza kukunjuka, makungwi wanamuachia wanakimbilia kazini. Mpiga mbiu akishaachiwa anakwenda moja kwa moja mpaka kwenye jeni na kupiga mbiu: leteni makungwi wengine! Wanatengenezwa wengi, kazi inafanyika, protini kombo zinapungua, makungwi wanabaki hawana kazi, wanarudi wanamshika mkono mpiga mbiu, ananyamaza. Hakuna aliyeamrisha. Wingi wa kazi wenyewe ndo unaopiga mbiu na kwisha kwa kazi ndo kunakoizima. Subhanallah.

Hayo ni ya uwani wa seli. Lakini karibu theluthi moja ya protini, zile za kupelekwa nje au za kukaa kwenye ngozi ya seli, zinakunjwa kwenye chumba maalumu, vijana mnakijua, retikulamu ya endoplazimu. Chumba kile kikijaa protini kombo, kuna walinzi wake. Peter Walter wa Marekani na Kazutoshi Mori wa Japani waliwagundua kwa kuchunguza hamira, na mwaka 2014 wakapewa tuzo ya Lasker pamoja. Walinzi wanafanya kama bibi alivyokuwa akifanya karai likianza kuharibika: kwanza anasema, hebu acheni kuleta manda mpya! Punguza kazi inayoingia. Pili anaita mikono zaidi. Tatu anaanza kutupa zilizoharibika, na seli inatupa kwa utaratibu, inaipiga protini mbovu chapa inayoitwa yubikwitini, ikishapigwa chapa inatiwa kwenye pipa lenye mashine ya kukatakata ndani yake, vipande vinatumika upya. Waliogundua chapa ile, Ciechanover, Hershko na Rose, walipata Nobel 2004. (Kuna pia njia ya seli kujila sehemu zake, Nobel 2016 ya Yoshinori Ohsumi, na kila Ramadhani naletewa kwenye simu ujumbe kwamba huyu Mjapani amethibitisha saumu. Ndugu zangu, yule alichunguza hamira. Saumu yetu ni ibada, haingoji ushahidi wa hamira.)

Na la nne, hali ikizidi, seli inajiua. Inajifunga yenyewe na kufa kimya kimya ili isiwaharibie majirani. Kwenye ngozi hilo si kitu, seli nyengine inazaliwa. Kwenye jicho na kwenye ubongo ni msiba, maana pale ikifa imekufa.

Hapa ndo nataka mnisikilize vizuri.

Kuna maradhi ya macho ya kurithi, mtu anaanza kwa kutoona usiku, anajikwaa magharibi ikiingia, kisha anaona katikati tu kama anachungulia kwenye bomba, mwisho giza. Mwaka 1990 iligunduliwa kwamba baadhi ya familia zenye maradhi haya zina kosa la shanga moja, moja tu, kwenye protini ya jicho inayopokea mwanga. Ile protini inakunjika kombo. Vijinzi navyo vina protini hiyo hiyo ya mwanga, ya kwao, na wako vijinzi wenye kosa linalofanana, macho yao yanakufa taratibu wakizeeka. Hyung Don Ryoo na wenzake wa New York, mwaka 2007, walionesha kwamba ndani ya macho yale wale walinzi wa chumba cha kukunjia wako macho, wanafanya kazi, na ukimpunguzia kijinzi jeni moja ya walinzi hao, xbp1, jicho linakufa haraka zaidi. Yaani lile jicho lilikuwa linapigana. Muda wote ule kabla halijafa, lilikuwa linapigana. Kisha 2009 wakaongeza ile protini inayosaidia kupiga chapa na kutupa, Hrd1, jicho likachelewa kufa.

Na kabla ya hapo Nancy Bonini, Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alifanya kitu mie nilikisoma usiku mmoja sikulala. Kuna maradhi ya kurithi ya ubongo ambayo sababu yake ni shanga moja, glutamini, kujirudia mno mfululizo. Akachukua kipande cha jeni ya binadamu akakitia kwenye jicho la kijinzi. Chenye glutamini 27, jicho zima. Chenye 78, jicho likaharibika. Na jicho la kijinzi ukiliharibu unaliona kwa sababu lina vijicho vidogo kama 750 vimepangana sawasawa kama mkeka uliosukwa na fundi, kukitokea hitilafu mkeka unavurugika, huhitaji hata kupasua. Hiyo ilikuwa 1998. Mwaka 1999 akaongeza kungwi, Hsp70 ya binadamu, kwenye macho yale yale. Macho yakasalimika. Walipochungulia ndani, yale madonge ya protini bado yapo! Yapo vilevile, lakini seli ziko hai. Tulidhani ugonjwa ni donge, kumbe sumu yenyewe inaweza kuwa kwenye zile protini zinazohangaika na vipande vya mafuta nje, na kungwi akishazishika haziumi tena hata kama donge halijaondoka.

Tangu 2000 wako vijinzi wa Parkinson, yale maradhi ya kutetemeka, Mel Feany na Welcome Bender waliwatia jeni ya binadamu ya sainuklini, protini inayofanya madonge kwenye ubongo wa wagonjwa hao. Kijinzi kizima ukigonga chupa kinapanda juu mara moja, ni tabia yake. Hawa wakizeeka unagonga wanabaki chini, wanatapatapa. Na mwaka 2002 watu wa Bonini wakawaongezea Hsp70, zile seli za ubongo zikasalimika.

Dawa ya kumpa mtu mzima anayesahau bado haijatoka kwenye njia hii, na atakayewauzia chupa akasema inasafisha protini za ubongo msimpe pesa zenu. Njia hii imetoa dawa ya saratani, bortezomibu, inayoziba lile pipa la kukatakata, kwa sababu kuna saratani ya seli zinazotengeneza protini nyingi mno, ukiwazibia pipa wanakufa na taka zao.

Lakini mie sikuja kuuza dawa. Nimekuja kwa sababu ya bibi.

Bibi alianza kwa chumvi. Akitia mara mbili, au hatii kabisa. Kisha akawa anamwita mama kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Kisha usiku wa manane anavaa buibui anataka kwenda sokoni. Watu wakasema kachezewa. Tukapelekwa kwa mganga upande wa pili wa kisiwa, nauli, kuku, ubani, siku tatu bibi amekaa kwenye moshi analia hajui yuko wapi, ananiuliza mie mtoto wa miaka 14, "mwanangu nimekosa nini?" Na wako waliosema ni wanawe waliomtupa ndo akili ikahama. Mama yangu aliibeba kauli hiyo mpaka leo.

Bibi hatukumpima, siwezi kusimama hapa kumpa jina la maradhi. Ila maradhi makubwa ya kusahau ya uzeeni, Alzheimer's, ubongo unakutwa na madonge ya protini mbili zilizokwenda kombo, amiloidi na tau, na sababu moja inayodhaniwa kuyaleta uzeeni ni kwamba makungwi na mapipa yetu yanachoka, kwa kijinzi yanachoka, kwa mtu yanachoka. Bibi hakukosa kitu. Mama hakumtupa mtu. Ndani ya kichwa cha yule mzee kulikuwa na seli zinahangaika kama lile jicho, zinakunja, zinaita mikono, zinatupa, na sisi tulikuwa tunamfukizia ubani.

Nitawaambia na hili. Mwisho mwisho bibi hakumjua mtu, lakini ukimpa kanga anaikunja. Pembe tatu. Pembe juu ya pembe, anabana kwa kidole gumba, anageuza, anakunja tena, akifika mwisho kidole cha shahada kinatafuta tafuta pembeni, kinatafuta bakuli la uji wa ngano.

Basi. Hapa mezani nina chupa, vijinzi nimewatega jana jikoni kwa ndizi kisukari iliyoiva kupita kiasi, nimewatia kwenye baridi dakika chache wametulia hawataruka. Hadubini hiyo hapo. Tizameni jicho, ule wekundu, na mistari ilivyopangana, na pembeni nimeweka picha ya jicho lililovurugika mulinganishe. Wanangu subirini kidogo, mpisheni kwanza bibi yule wa nyuma, aliyevaa kanga ya kijani, mshikeni mkono, kiti nimemuwekea hapa.